Kinga ya mwili inahitaji breki pia

Mhariri,

Kila kukicha tunasikia matangazo ya poda za "kupandisha kinga". Neno hilo linapotosha watu. Kinga isiyo na breki humgeukia mwenyewe, kama tunavyoona kwenye pumu na baridi yabisi.

Baadhi ya breki hizo ni metaboliti, yaani molekuli ndogo zinazotokea chakula kinapovunjwavunjwa. Bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi tulizoshindwa kuzimeng'enya, wakatoa asidi ndogo za mafuta: asetati, propionati na butirati. Butirati huingia ndani ya seli na kuzuia vimeng'enya vinavyoibana DNA. Jeni ya Foxp3 hufunguka, na seli T changa (aina ya chembe nyeupe za damu) zikawa seli T dhibiti, zile zinazotuliza wenzao. Tafiti za panya za mwaka 2013 zilionyesha hilo wazi. Butirati hiyohiyo ndiyo nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo mpana.

Mwili nao hutengeneza metaboliti zake, na si za breki tu. Makrofaji, seli ya kinga inayomeza vijidudu, ikivamiwa huzalisha itakonati, inayoziba kimeng'enya ambacho vijidudu vya kifua kikuu hukihitaji ili viishi kwa mafuta.

Je, tununue vidonge vya butirati? Kisipopakwa ganda maalumu, kidonge hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, mbali na kinapohitajika. Sufuria inatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Posho (ugali) ya unga mweupe wa mahindi haikufikishi huko, kwa kuwa pumba zimebaki mashineni. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina gramu 11 hadi 15. Ongeza kalo (ugali wa wimbi), dodo (mchicha) na matoke (ndizi za kupika). Matoke yaliyopoa yana wanga sugu, yaani usiomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, mwingi kuliko ya moto, na bakteria wanaupenda.

Wengi hushindwa kwa pupa: wanakula maharagwe sahani nzima siku ya kwanza, tumbo linajaa gesi, wanaacha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, anza na vijiko vitatu, ongeza taratibu kwa wiki mbili, na unywe maji ya kutosha. Tena, antibiotiki za kununua bila kuandikiwa na daktari huwaua bakteria haohao tunaowalisha.

Anayetumia dawa za kifua kikuu au ARV aendelee nazo kama alivyoelekezwa. Maharagwe hayachukui nafasi yake.

Walimu wa baiolojia na lishe,
Kampala