Kabla ya Jumamosi: ile ramani ya Mandara

Habari za jioni wapendwa. Naona wengi mmeanza kupima kwa rula njia yetu ya Jumamosi, kutoka geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara kule Mlima Kilimanjaro, safi sana. Ramani yetu ni ya 1:50,000, yaani sentimita 1 ni mita 500. Ila mliochapisha stashenari, angalieni: ikipunguzwa kutoka A3 kuwa A4, hiyo namba pembeni haina kazi tena, sentimita moja sasa ni karibu mita 700. Fuateni mstari wa skeli (ule wenye alama za kilomita) ulio chini ya ramani, maana huo hupungua pamoja nayo. Kwenye simu ni vilevile, ukikuza picha kwa vidole.

Rula pia haijui kona. Lazeni uzi juu ya njia, kisha upimeni kwenye huo mstari. Na hata uzi hauoni mwinuko: geti la Marangu liko kama mita 1,870, Mandara ni 2,720. Kilomita 8 hizo si za lami ya Moshi mjini (kaka zangu wa mbio za asubuhi, nawasemea nyinyi). Tegemeeni masaa matatu au zaidi.

Uzi kila mtu aje na wake, tutapima pamoja pale getini.