Tanga ikitikisika, vipimo visomwe kwanza

Mhariri,

Kila madirisha yanapotikisika huku kwetu Tanga, mabishano huanza: huyu anasema tetemeko, yule anasema baruti ya machimboni. Linaloniuma ni kuona baadhi ya vyombo vya habari vikichapisha uvumi huo kabla ya kumuuliza mtu mwenye rekodi za mitetemo, ambazo mara nyingi hutoa jibu.

Mlipuko huisukuma ardhi kuelekea nje pande zote kwa mpigo mmoja, hivyo vituo vya kupima mitetemo, vya kaskazini na vya kusini, vyote huanza kwa msukumo wa kwenda juu. Katika tetemeko, miamba huteleza kwenye ufa. Vituo vingine husukumwa, vingine huvutwa. Mtelezo huo pia huzaa kwa nguvu mawimbi ya S, yale yanayofika nyuma ya mawimbi ya P (ya kwanza kufika) na kuitikisa ardhi kiubavu. Kwenye mlipuko, S huwa hafifu. Halafu kuna kina: mtikisiko ulioanzia kilomita 10 chini si wa baruti, maana hakuna shimo la kulipulia linalofika huko.

Tarehe 3 Septemba 2017 Korea Kaskazini ilipolipua bomu la nyuklia chini ya ardhi, vituo vya mbali vya mtandao wa dunia unaofuatilia majaribio ya nyuklia vililitambua. Dakika zipatazo nane baadaye ukaja mtikisiko mdogo, nao wataalamu wakausoma kuwa ni miamba iliyoporomoka. Jirani zetu Kenya wana kituo cha Kilimambogo katika mtandao huo wa dunia.

Mitetemo midogo ya machimbo ni migumu zaidi, hasa ikinaswa na kituo kimoja cha mbali. Hapo saa kamili ya ulipuaji husaidia sana. Wenye machimbo waibandike mapema kwenye ofisi za serikali za mitaa.

Wanaodai pwani hii haina matetemeko wakumbuke usiku wa 12 Agosti 2020, lilipotokea la ukubwa wa karibu 6 baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Aliyepasukiwa ukuta anahitaji kujua kama amfuate mwenye machimbo, au ajihadhari na mitetemo ya kufuatia.

Naiomba Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini itoe taarifa siku hiyohiyo, kwa Kiswahili chepesi, ikisema rekodi zinaonyesha nini. Nawe mhariri, waandishi wako waipigie simu kabla ya kuandika kichwa cha habari.

Msomaji wako,
Tanga