Mchonga mihuri apewe kazi ya kadi

Ndugu Mhariri,

YAH: KADI NA LEBO ZA ZAWADI ZINAZOGONGWA KWA MIHURI YA MPIRA

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wasomaji, hasa wale wa Mbeya, Iringa na Njombe, jambo ambalo nimekuwa nikiliwaza tangu nilipostaafu ualimu na kuanza kutengeneza kadi za salamu kwa mkono. Mafundi wanaochonga mihuri kwenye vibanda vya kando ya barabara zetu wana ujuzi unaoweza kutupatia kadi za Krismasi, za Idi, za mahafali na za harusi zenye lugha yetu na sura ya nchi yetu, lakini ujuzi huo tunauacha upotee, kwanza kwa sababu ofisi nyingi zimehamia kwenye mihuri ya mashine inayojipaka wino yenyewe, na pili kwa sababu tumezoea kumtazama mchonga mihuri kama mtu ambaye leo au kesho atakamatwa kwa kughushi.

Mwaka juzi nilikwenda kwa fundi mmoja jirani na soko la Mwanjelwa nikiwa na mchoro wa ua la okidi nilioutengeneza kwa penseli, nikamwomba anichongee muhuri wake. Tuliamkiana vizuri, akanikaribisha kwenye benchi, akautazama mchoro kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na barua ya ofisi. Nilimjibu kwamba ua halina ofisi. Alicheka, lakini hakuichukua kazi siku ile, akinieleza kwamba miezi michache nyuma alinyang'anywa vifaa vyake vyote na watu waliokuja kukagua vibanda, na tangu hapo hachongi kitu chochote kisicho na karatasi yenye nembo, hata kama ni jina la mtoto la kugonga kwenye madaftari. Ilinibidi nirudi mara mbili, na mara ya pili nilikwenda na kadi tatu nilizokwisha kuzitengeneza kwa muhuri wa kiazi, ndipo alipoamini kwamba mzee huyu hana nia ya kughushi hati ya mtu.

Niseme kidogo kuhusu huo muhuri wa kiazi, kwa kuwa huko ndiko nilikoanzia, na kwa wilaya zinazolima viazi kama zetu hakuna malighafi iliyo karibu zaidi. Kiazi mviringo hukatwa katikati, kikaachwa uso wake ukauke kidogo, kisha sehemu isiyotakiwa ikaondolewa kwa ncha ya kisu ili picha ibaki imeinuka. Kinagonga vizuri kwa saa chache, halafu maji yake yanaanza kuchanganyika na wino, na kesho yake kimenyauka, picha imejikunja. Kwa watoto wa darasa la pili ni somo zuri sana. Kwa mtu anayetaka kadi 60 zinazofanana ni usumbufu mtupu. Kutoka kwenye kiazi nilihamia kwenye raba ya kufutia penseli, ambayo inakatika kwa wembe kama jibini na inadumu kwa miaka, ila ni ndogo mno kwa picha yenye mambo mengi.

Hapo ndipo anapohitajika fundi. Nilikaa kwenye benchi lake mchana mzima nikimwangalia akifanya kazi kwa wembe uliovunjwa katikati na kipande cha mpira mgumu wa soli, na ninakiri kwamba katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kuona mkono uliotulia namna ile. Alipitisha mchoro kwenye mpira ukiwa umegeuzwa kushoto kulia, akakata kingo kwa mlalo ili mistari myembamba isimeguke chini ya shinikizo, akachimba nafasi za katikati kwa kina cha kutosha ili zisiguse wino, na mwisho akaugundisha mpira kwenye kibao cha mti wa paini alichokwisha kukisugua kwa msasa. Mimi mwenyewe, kabla ya kumpata yeye, nilichonga neno HONGERA kwenye raba kwa juhudi za jioni mbili, nikaligonga kwenye kadi ya kwanza kwa fahari kubwa, na kadi ikanisomea kinyumenyume, kwa sababu nilikuwa nimelichonga kama linavyosomeka. Mke wangu aliihifadhi kadi ile kwenye kabati la vyombo, na wageni huonyeshwa.

Wapo watakaouliza kwa nini tujisumbue wakati maduka ya vifaa vya ofisi yanauza kadi zilizochapishwa tayari. Ninawaomba waingie dukani mwezi Desemba wazitazame hizo kadi. Zina theluji, farasi wa kukokota magari ya barafu, na maneno ya Kiingereza ambayo shangazi anayeletewa kadi hiyo kule Makete au Ileje huyasoma kwa kusaidiwa na mjukuu. Sisi tunaijua baridi, na barafu ya alfajiri juu ya majani tumeiona Mufindi na Kitulo, lakini hiyo ni ya Juni na Julai. Krismasi yetu ni ya mvua, ya matope na ya mahindi machanga. Kama tunatafuta picha ya Krismasi ya nyanda hizi, ipo: huo ndio msimu ambao uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, umeanza kujaa maua, yakiwemo zaidi ya spishi 40 za okidi. (Inasikitisha kwamba wengine wanaijua okidi kwa kiazi chake tu, kinachochimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda.)

Desturi yenyewe ya kadi za Krismasi za kununua haina umri mkubwa kiasi cha kutufanya tuogope kuigusa. Kadi ya kwanza ya biashara ilitengenezwa London mwaka 1843, pale Henry Cole alipomwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree salamu moja ya kuwatumia rafiki zake wengi, na nakala zilizochapishwa zilikuwa kama 1,000 tu. Ilionyesha familia ya Kiingereza ikiwa mezani, kwa maana watu wale walijichora wao wenyewe wakila chakula chao. Muhuri wa mpira nao ulilazimika kungoja mpira imara, kwa kuwa mpira mbichi ulikuwa unayeyuka kwenye joto na kupasuka kwenye baridi, hadi Mmarekani Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba ukichanganywa na salfa, ile ile inayopuliziwa mikorosho huko Mtwara na Lindi, kisha ukapashwa moto, unakuwa imara na bado unanesa.

Sasa nirudi kwenye karatasi, ambako mikoa yetu ina bahati ambayo haitumiwi vya kutosha. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kinatengeneza karatasi ya kaki, na karatasi hiyo, ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa bahasha na mifuko tu, hupokea wino wa muhuri vizuri kuliko kadi yoyote inayong'aa, kwa sababu wino wa kawaida wa pedi za ofisini unahitaji kunywewa na karatasi ndipo ukauke. Juu ya uso unaong'aa unabaki umelowa, na kidole cha kwanza kinauburuta. Kwa kadi zenyewe ninatumia manila. Bango la ukubwa wa A1 linatoa vipande 16 vya A5, na kila kipande kikikunjwa mara moja ni kadi inayoingia vizuri katika bahasha ya C6. Mwenye kutaka kitu cha heshima zaidi aende Iringa mjini, Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kwa vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Nyuzi za majani ambazo tembo hakuzimeng'enya huoshwa, huchemshwa, hupondwa na kuchujwa kwenye fremu ya wavu, na karatasi inayopatikana ina mparuzo unaoliletea ua la muhuri uhai ambao mashine ya uchapaji haiwezi kuutoa.

Mbinu moja ninapenda kuieleza kwa kirefu, kwa sababu naona iliumbwa kwa ajili ya nchi ya milima. Paka wino muhuri wenye umbo la mlima mara moja tu, kisha ugonge mara tatu bila kuongeza wino. Mlima wa kwanza unatoka mweusi, wa pili wa kijivu, wa tatu hafifu kama moshi. Ukianza chini ya kadi na kupanda juu kidogo kila mara, unapata safu za milima inayofifia kwenye ukungu, kama mtu anavyoiona Rungwe akiwa barabara ya Tukuyu asubuhi baada ya mvua. Ili mlima wa nyuma usiuparamie ule wa mbele, ufunike wa mbele kwa karatasi iliyokatwa kwa umbo lake, na uiondoe ukimaliza. Muhuri ushushwe wima na kunyanyuliwa wima, maana wanaoubembeza wanapata kingo chafu, na muhuri mkubwa ulazwe chali, upigwepigwe kwa pedi badala ya kuzamishwa ndani yake. Wino wa zambarau wa ofisini haufai kwa kadi inayokusudiwa kuwekwa ukutani, kwa kuwa jua huupausha upesi. Kusafisha ni kwa maji na sabuni kidogo. Petroli, ambayo baadhi ya mafundi huipenda, huufanya mpira uvimbe na kupoteza makali ya mistari.

Lebo za zawadi zina faida ya peke yake ambayo wenye harusi wataielewa mara moja. Kwenye sendofu zetu zawadi hurundikwa mezani, na kesho yake bibi harusi na mama yake wamekaa sakafuni wakijaribu kukumbuka ni nani aliyeleta chupa za chai na ni nani aliyeleta mashuka, na daima yupo mtu asiyeshukuriwa ambaye hatalisahau jambo hilo. Kipande cha kaki chenye urefu wa kidole, kilichotobolewa kwa panchi na kufungwa kwa uzi wa katani, chenye ua upande mmoja na nafasi ya jina upande wa pili, kinamaliza tatizo hilo. Upande wa maneno, fundi wangu amekwisha kunichongea "Hongereni", "Pole sana" na "Heri ya Mwaka Mpya", na kwa wateja wa Iringa "Kamwene", salamu ya Kihehe, na kwa wa Rungwe "Ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, na haya mawili ya mwisho ndiyo yanayoisha kwanza. Nakshi ya pembeni tumeichukua kwenye vikapu vya milulu vya akina mama wa Kihehe.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu. Mihuri ya kughushi ipo, imewaumiza watu kwenye viwanja, kwenye vyeti na kwenye barua za dhamana, na dola ina wajibu wa kuwakamata wanaoitengeneza. Sipingi hata neno moja. Lakini kosa lile linatokana na maneno na nembo zinazochongwa, na mkaguzi yeyote mwenye macho anaweza kutofautisha nembo ya halmashauri na ua la Kitulo. Isitoshe, kazi halali za ofisi zikishamwondokea fundi kwa sababu ya mashine, kinachobaki kikimgongea mlango jioni ni kile tusichokitaka. Fundi ninayemweleza aliniambia wazi kwamba wanaokuja na maombi ya aina hiyo hulipa vizuri kuliko mimi, na kwamba kuwakataa ni kazi nyepesi zaidi katika wiki ambayo kuna kadi za kuchongea.

Kwa hiyo ninawaomba watendaji wa kata na mitaa wakae na mafundi hawa na kukubaliana kwa maandishi kwamba mihuri ya picha, nakshi na salamu haihitaji barua ya ofisi. Wenye maduka ya vifaa vya ofisi ninawaomba watenge rafu moja kwa kadi za mkono. Kuhusu shule, mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unatilia mkazo stadi za kazi, na sioni stadi inayoanza kwa gharama ndogo kuliko kiazi, wembe unaoshikwa na mwalimu, na pedi ya wino. Simu sizigombi, kwani mimi pia hupokea picha za heri kwa WhatsApp kila sikukuu, nyingine mara nne picha ile ile kutoka kwa watu wanne, nami huzijibu zote.

Muda tulionao ni mfupi kuliko unavyoonekana. Mahafali ya darasa la saba huangukia karibu na mtihani wa Septemba, na kadi za Krismasi zinaingia madukani Novemba, kwa hiyo mwenye duka anayetaka kadi za okidi badala ya theluji aongee na mchonga mihuri wa mtaani kwake kabla ya Agosti kwisha, aende na mchoro wake, na akiulizwa barua ya ofisi asikasirike, aonyeshe ukurasa huu wa gazeti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya