Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Vikao vya kila mwezi vilifanyika, darasa la VTK, programu ya kuchora data kwa kompyuta, lilifanyika kwa wapya, na kumbukumbu ziko kwa katibu. Sitavirudia.

Nije kwenye lililoniletea lawama: uamuzi wa Machi wa kutoigeuza data yetu ya pande tatu kuwa gridi sare, yaani nukta zilizopangwa kwa umbali ulio sawa, kabla ya kuichora kwenye skrini. Nimeitwa mkaidi. Eti mchemraba wa nukta 512 kila upande ungetumalizia kazi. Mchemraba huo una nukta zaidi ya milioni 134, yaani zaidi ya nusu gigabaiti kwa namba za baiti nne. Data yetu ya mazoezi, Blunt Fin, inayoonyesha hewa ikipita kwenye pezi butu, ina nukta 40,960 na tetrahedroni (seli zenye nyuso nne za pembetatu) 187,395 tu, na nyingi zimebanana karibu na pezi, hewa inakogonga. Gridi sare ingejaza kumbukumbu kwa hewa iliyotulia, na pale penye habari picha ingefifia.

Ndiyo maana nilisimamia njia ya Shirley na Tuchman ya 1990: kila tetrahedroni inaangushwa kwenye skrini kama pembetatu moja hadi nne, kutegemea inavyotazamwa, za nyuma zikitangulia. Nakubali, Juni tulizipanga kwa umbali wa vitovu vyake pekee kutoka kwa mtazamaji na picha ikatoka na mabaka. Lakini aliyekesha kuirekebisha kwa mpango wa Williams wa 1992, unaofuata seli zinazopakana uso kwa uso, mnamjua. Gridi yenye mashimo bado inatusumbua, maana penye shimo seli haina jirani wa kufuata.

Wapo wanaodai tutumie miale ya Garrity badala yake, yaani kufuata mwale kutoka kila nukta ya skrini hadi ndani ya data. Njia ni nzuri: mwale unaingia seli kwa uso mmoja, unatokea mwingine, unahamia kwa jirani, wala hakuna cha kupanga. Waliopewa kuiandika ni watatu. Hadi leo sijaona mstari mmoja.

Ada: tuko 38, waliolipa 14. Tulitarajia shilingi 760,000, zimeingia 280,000, na kadi ya michoro tunaendelea kuazima. Oktoba tulihudhuria sita, mmoja wao kijana wa bodaboda aliyejikinga mvua. Yeye ndiye aliyeuliza maswali.

Mwakani, Mungu akijalia, tutajaribu Delta Wing, data ya hewa kwenye bawa la pembetatu, yenye tetrahedroni zaidi ya milioni moja, na pengine data inayobadilika kadiri muda unavyokwenda. Itategemea mashine.

Mweka hazina amekaa karibu na mlango, kitabu cha stakabadhi anacho.

Mwenyekiti