Risala ya kikundi cha boti ya wagonjwa, Faza, kwa mgeni rasmi

Bismillahi. Mheshimiwa mgeni rasmi, mashekhe wetu, wazee na kina mama wa Faza, asalaam aleikum. Karibu kisiwani Pate, na pole kwa safari, ule mlango wa bahari wa Mkanda umeuona mwenyewe.

Mheshimiwa, sisi tulianza na michango ya kina mama tu, pesa za mahamri na mikeka, na leo alhamdulillahi tuna boti yetu inayopeleka wagonjwa na wajawazito hospitali ya King Fahd kule Lamu, na tunasema bila kuona haya visiwani huku hakuna kikundi kilichofika tulipofika sisi. Akaunti ya benki tunayo na vitabu vinakaguliwa kila mwaka. Kafyu ya 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni tuliipita, corona ya 2020 tukaipita.

Sasa lililotuleta ni mafuta.

Kila mfadhili akija anataka kitu cha kupiga picha, mashine mpya au majaketi ya kuelea, na tunashukuru sana wallahi, lakini pesa yake inakuja imeshaandikiwa kazi, huwezi kuihamisha ukanunulia petroli, hiyo ni hiana na sisi hatufanyi. Kwa hivyo ukisoma ripoti yetu utaona mali nyingi useme hawa wako sawa, kumbe boti imefungwa gatini haina petroli ya kesho. Na maji yakitoka, Mkanda haupitiki, nahodha inabidi azungukie bahari kuu, wakati wa kusi petroli inaliwa vibaya sana, na mama mwenye uchungu hangoji maji yajae. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake siku 90, mfadhili wetu mmoja aliyetegemea pesa hizo alituambia tusubiri kidogo, mpaka leo.

Wahasibu wanashauri taasisi kama yetu iwe na akiba ya matumizi ya miezi mitatu mpaka sita. Sisi akiba yetu ni simu za kina mama usiku, nani ana chochote.

Mheshimiwa usituelewe vibaya, hicho kiti ulichokalia wamekalia wengine kabla yako, wakaahidi mafuta kwa maiki, wakapigiwa vigelegele na kuvishwa vikoi, na tulipofuatilia tukaambiwa barua haionekani. Kopi tunazo zote, zimegongwa muhuri wa kupokelewa.

Kwa hivyo leo hatuombi boti wala mashine. Tunaomba mafuta na mshahara wa nahodha viingie kwenye makadirio ya bajeti ya kaunti kabla hayajapelekwa bunge la kaunti tarehe 30 Aprili, kwa maandishi, vitoke kila robo mwaka. Na wewe binafsi, chochote cha kuanzishia akiba, hata kidogo, kisichofungiwa kazi nyingine.

Mhazini yuko hapo mbele na daftari la hesabu, tunakuomba ulipitie kabla ya chakula, halafu utujibu papa hapa watu wasikie.

Ahsante sana, sisi ni wako, kamati.