Mteja Akirudi Nyuma, Fomu Isimpotezee Alichojaza

Lalamiko tunaloletewa mara kwa mara ni hili: watu wanaanza kujaza fomu ya maombi, wanafika ukurasa wa tatu, kisha hawaonekani tena. Mwenye tovuti hudhani fomu ni ndefu mno. Tukiikagua, mara nyingi tunakuta mtu alirudi nyuma kusahihisha namba ya simu, na alipoendelea mbele akakuta anwani, tarehe na maelezo yake yote yamefutika. Kumwambia aanze upya ni kumkosea heshima.

Chanzo chake ni kwamba HTTP, itifaki inayobeba kurasa za wavuti, haina kumbukumbu. Ukurasa wa pili haujui kilichojazwa kwenye wa kwanza mpaka fundi apange mahali pa kukitunza.

Wengine hukibeba kwenye sehemu zilizofichwa ndani ya kila ukurasa. Inafanya kazi, lakini mtumiaji anaweza kuzibadilisha, hivyo seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, lazima ikague kila kitu upya mwishoni. Wengi hutumia sesheni: seva inatunza majibu, na kivinjari kinabaki na kuki, kipande kidogo cha data, yenye namba ya utambulisho tu. Hapo kuna mtego wa muda. Kwa mpangilio wa kawaida wa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, sesheni isiyoguswa kwa sekunde 1440, yaani dakika 24, inaweza kufutwa. Mtu aliyeinuka kutafuta cheti chake akichelewa kidogo, anarudi kwenye fomu tupu. Tena akifungua maombi mawili kwenye vichupo viwili, majibu yanaweza kuchanganyika.

Sisi tunapendelea rasimu kwenye hifadhidata tangu hatua ya kwanza, kila ombi na namba yake isiyokisika. Kila ukurasa unapofunguka, unasoma kutoka kwenye rasimu hiyo. Na hapa ndipo mafundi wengi hupitiwa: kitufe cha "Rudi" nacho kihifadhi, hata kama ukurasa haujakamilika. Ukali wa kukagua makosa usubiri mtu anapobonyeza "Endelea". Baada ya kuhifadhi, seva ikielekeze kivinjari kiufungue upya ukurasa unaofuata, ili mtumiaji akirudi kwa kitufe cha kivinjari asikutane na onyo la kutuma tena.

Mafaili yana kanuni yake. Kwa sababu za usalama, kivinjari hakiruhusu tovuti kumchagulia mtu faili, kwa hiyo lipakiwe mara tu anapolichagua, na akirudi aone jina la faili hilo. Nywila na namba za kadi ya benki tunaziacha nje ya rasimu kabisa.

Mwongozo wa WCAG 2.2, wa kufanya tovuti zitumike hata na watu wenye ulemavu, uliotolewa Oktoba 2023, umeliweka jambo hili katika ngazi ya A, ile ya msingi: taarifa ambayo mtu ameshaitoa katika mchakato huo huo ijazwe yenyewe au awekewe aichague, isipokuwa pale inapohitajika tena, kwa mfano kwa ajili ya usalama. Tunaufurahia sana, maana wenye shida ya kumbukumbu ndio huumia zaidi.

Ukitutumia kiungo cha fomu yako, tutaijaza nusu, turudi nyuma, tukate intaneti, tufunge kichupo na kukifungua tena. Utapokea orodha ya kilichopotea, hatua kilipopotelea, na gharama ya kurekebisha kabla hujaamua lolote.