Narudi tena kwenye ule mtihani

Shosti wangu, mambo?

Najua umeninunia, meseji zako zina wiki mbili sijajibu, nisamehe bure, sikuwa na mdomo wa kusema. Ule mtihani wa PMP, wa cheti cha usimamizi wa miradi, nilifeli. Haya, nishasema.

Yaani wale wanaotoa mtihani, kwenye matokeo yao hawakupi hata asilimia, wanakuwekea tu madaraja kwamba hapa umefikia lengo hapa uko chini, sasa mimi ile sehemu ya kuongoza watu, ambayo kwenye mtihani wangu ilikuwa 42%, nikaangukia daraja la mwisho. Mimi! Nashinda saiti na mafundi kuanzia saa moja asubuhi! Halafu zile hesabu za CPI na SPI, za kupima gharama na ratiba ya mradi, nilizolia nazo mwezi mzima nikakutana nazo chache tu.

Nimekaa nikawaza nikaona nilipobugi. Unaulizwa kwa mfano mtu wa timu yako anachelewesha kazi, unaanza na nini? Mimi nikajibu kisaiti-saiti, mpigie bosi, mtu abadilishwe, kazi iendelee. Kumbe wao wanataka ukae naye kwanza umsikilize, ujue kimemkuta nini, bosi aje mwisho kabisa. Uzoefu wangu wote wa miaka saba ndo ulioniponza. Sijui huko kwao mafundi wakoje, lakini cheti ni chao, nitajibu wanavyotaka.

Sa hivi nina kauntabuku nimepiga mstari katikati, kushoto naandika nilichotaka kujibu, kulia walichotaka wao na kwa nini. Naamka saa kumi alfajiri, napiga maswali 60 bila kunyanyuka, ndo naenda kuoga niwahi daladala. Kushoto kumejaa "mpigie bosi" mpaka naona aibu, ila wiki hii zimepungua.

Kingine ni muda. Nilipofanya ilikuwa maswali 180 dakika 230, na kuna mapumziko mawili ya dakika kumi kumi. Mara ya kwanza nikaruka yale ya kwanza nikidhani naokoa muda, kumbe ukipumzika saa ya mtihani inasimama, basi kufika swali la 140 hivi nasoma sentensi moja mara tatu haiingii. Safari hii natoka, nakunywa maji, hata kama sina kiu. Ila ukishatoka kupumzika, yale maswali 60 uliyomaliza huyagusi tena, hapo ndo roho inaniuma.

Wanaruhusu mara tatu ndani ya mwaka, kwa hiyo bado nimo. Hela ya marudio nimekopa kikoba, na ni dola, we acha tu.

Naomba Jumapili jioni unipigie uniulize maswali, nitakutumia. Nikikosea usinionee huruma. Halafu Mama anajua mtihani uliahirishwa, ukipita nyumbani tafadhali usije ukaropoka.

Wako,
Shosti